Wapiga gitaa wasiotajwa: leta jina, sema tusikilize nini

Ridhimu wa Shangani

Wakuu, salaam kwenu.

Huku Mtwara minada ya korosho ikishaanza kulipa, sisi wa bendi ndogo ndogo tunapumua. Harusi Newala, kumtoa mwali Nanyamba, wikiendi baa za hapa mjini. Mimi napiga ridhimu, gitaa la nyuma linalombeba mpiga solo. Tukishuka jukwaani watu wanamzingira mpiga solo wetu, wanamtuza, wanapiga naye picha, halafu meza inaanza ubishi wake wa siku zote: nani mkali wa gitaa? Majina hayabadiliki. Franco, Dokta Nico, Mbaraka, Diblo. Kijana mwenye simu kubwa ataongeza Hendrix ili aonekane msomi. Kisha mtu anagonga meza, "Hakuna mwingine!" na kesi inafungwa.

Hao sina ugomvi nao. Mbaraka Mwinshehe alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akafariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34 tu, na mpaka leo hatujamaliza kumwiga. Ninachokataa ni kugeuza gitaa mbio za vidole. Wapo watu chungu nzima ambao hawatajwi, wengine kwa sababu kazi yao ilikuwa kumbeba mwenzao.

Naanza na wa upande wangu.

Mnamjua Dokta Nico. Je, Dechaud? Charles Mwamba, kaka yake Nico wa tumbo moja, ndiye aliyekuwa anapiga ridhimu African Jazz, bendi yao ya Kongo. Walikwenda wote Brussels mwaka 1960, wakati wanasiasa wa Kongo wapo kwenye mazungumzo ya uhuru, na ule wimbo wa uhuru wa cha-cha ulitokea huko. Sikilizeni Nico anapopanda juu: anapanda kwa raha kwa sababu chini kuna mtu hatikisiki. Dechaud hapigi kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) na kuikalia. Anaivunja, anatoa sauti moja moja, zinazunguka na kurudi palepale alipoanzia. Ukimtoa, Nico anabaki anaelea.

Wa pili ni wa kwetu kabisa: Omar Shabani, waliyemwita Professor. Alikuwa ridhimu wa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wa Tanga waliohamia Nairobi. Mwaka 1978 alitoka na wenzake, akiwemo Tom Malanga wa besi, wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza wa gitaa akajiunga nao. "Sina Makosa" mnaiimba nyote mkiwa bafuni. Leo fanyeni hivi: vaeni hedifoni, waacheni waimbaji wapite, shikeni lile gitaa linalorudia mduara wake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Halikimbii, halichoki, wala halijisifu. Sasa jaribuni kulipiga wenyewe kwa dakika zote hizo bila mkono kukaza. Mimi nimejaribu mbele ya watu. Kufikia katikati kifundo cha mkono kinawaka moto, na bado wimbo haujafika kunako.

Wa tatu yuko mbali, Marekani. Freddie Green. Aliingia bendi ya jazz ya Count Basie mwaka 1937 akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987. Nusu karne kwenye kiti kimoja! Solo zake unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono. Gitaa lake halikuwa la umeme, na nyuma yake kuna matarumbeta yanayoweza kuezua paa. Kwa hiyo usitafute kulisikia gitaa lenyewe. Sikiliza mapigo manne, moja-mbili-tatu-nne, yanayokwenda sambamba na ngoma na besi. Mara nyingi katika kodi nzima alikuwa anaiachia sauti moja au mbili tu zitoke, nyingine anaziziba. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ridhimu yangu ilikuwa inapigana na kinanda.

Na kwa wapenda kucheza: Jimmy Nolen, gitaa la James Brown kuanzia 1965. Mkono wake wa kushoto hauibani kodi ukaiacha ilie. Unaigusa na kuiachia papo hapo, wa kulia unakwaruza mfululizo, kinachotoka ni mkwaruzo mfupi wenye sauti ndani yake. Wenyewe waliufananisha na kuku anavyoparua. Fanki yote mliyowahi kuchezea imepita kwenye kiganja cha huyu mzee, na jina lake hamlijui.

Leteni wenu. Sharti ni moja: usitupe jina ukakimbia. Tuambie tusikilize nini.

Mwana Kivinje

Natia nanga hapa mkuu. Uzi wa kistaarabu, sijui utadumu.

Mimi wa Kilwa, kwa hiyo mtanisamehe nikianza na nyumbani. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Vijana wa huku wanadhani ni jina la baa. Ilikuwa bendi ya Dar, lakini jina ni letu, na marehemu baba akiisikia Radio Tanzania alikuwa anaongeza sauti ili jirani naye ajue. Sikilizeni magitaa yanavyoongea kwa upole, hayagombani. Kuna nafasi kati ya sauti na sauti. Siku hizi mtu akiona nafasi anaijaza.

Zama zilezile kulikuwa na Western Jazz, watu wa Tabora na kwingineko magharibi waliokutana Dar, na mtindo wao wa saboso. Mpiga solo wao aliitwa Rashid Hanzuruni. Huyu hasemwi kabisa! Waulizeni wazee waliopiga gitaa miaka ile, wengi jina la kwanza watakalotaja ni hilo, kabla ya Mbaraka. Solo yake ni safi, kila sauti imeoshwa. Haburuzi, hatetemeshi ovyo. Sikilizeni anavyoanza wimbo: sentensi fupi, anaimaliza, ndipo anaachia sauti ziingie.

Shida ni upatikanaji. Zamani bendi zilirekodi studio za redio ya taifa, na sahani za santuri zilikuwa zinakwenda kutengenezwa Kenya. Nyingi zilizobaki ni za watu waliotunza kaseti zao. Mwenye kaseti za mzee wake asizitupe jamani.

Mzee wa Dansi

Nimesoma yote. Kwa hiyo mnataka kutuambia mtu aliyekaa nyuma miaka 50 anapiga moja-mbili-tatu-nne ndiye mpiga gitaa? Huyo ni saa ya ukutani.

Gitaa ni solo. Mbaraka akipiga, mwanamke anaacha sahani ya wali mezani. Hao wenu wakipiga, watu wanaendelea kula. Tusidanganyane.

Ridhimu wa Shangani

Mzee wangu shikamoo. Mwanamke anaacha sahani kwa sababu ya solo, sawa. Lakini anaponyanyuka kucheza, mguu wake unamfuata nani?

Mzee wa Dansi

Unafuata ngoma.

Baharia wa Mikindani

😂😂 Mzee kapiga bao.

Mzee, kwa kuwa wewe ni mtu wa solo, nakupeleka Dakar. Orchestra Baobab, bendi ya mwaka 1970. Mpiga solo wao hakuwa Msenegali, alikuwa Mtogo, Barthélemy Attisso. Alikwenda Dakar kusomea sheria, gitaa akajifunza mwenyewe ili apate hela ya kujikimu. Bendi ilipokufa akarudi Lomé akawa wakili kwelikweli, joho na mafaili, gitaa akaliweka kando miaka mingi. Mwaka 2001 wakaifufua bendi, ikabidi ajifue upya. Na bado! Amefariki 2021.

Sikiliza anavyopiga kama mtu anayetetea kesi: anatoa hoja, anasubiri, anairudia kwa maneno mengine, kisha anakumaliza. Muziki wenyewe una harufu ya Kuba, hutakuwa mgeni, maana dansi letu nalo limenyonya kulekule.

Nikishamaliza na mzee niseme la kwangu. Nimefanya kazi melini, nimeokota muziki bandarini. Jina ninalowaachia ni Joseph Spence wa Bahamas. Alikuwa fundi mwashi. Mwaka 1958 mtafiti mmoja Mmarekani, Samuel Charters, alipita kisiwa cha Andros akasikia gitaa kutoka mahali mafundi wanajenga, akatafuta kwa macho yule mtu wa pili anayesaidia. Hakuna wa pili. Mtu mmoja, gitaa kavu, waya mnene kaushusha uwe chini zaidi. Besi inatembea, wimbo unakwenda, katikati kuna sauti ya tatu inayocheka peke yake, na yeye mwenyewe anakoroma na kumung'unya maneno nusunusu. Mara ya kwanza utadhani kalewa. Mara ya pili unaanza kuhesabu mapigo, unakuta hajapoteza hata moja.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtu mmoja anaweza kuwa bendi.

Mwl. Nachingwea

Habari za jioni kaka zangu. Nimeona majina yote ni ya wanaume, nikasema ngoja nivue viatu niingie.

Elizabeth Cotten, Mmarekani mweusi wa North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1893. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Alianza na banjo la kaka yake, limefungwa nyuzi za mtu wa kulia, basi akaligeuza tu kichwa chini, na gitaa akalipiga hivyo hivyo. Kwa hiyo kila kitu kikawa kinyume: kwa wengine gumba ndilo linalopiga besi, kwake gumba linapiga wimbo na vidole ndivyo vinavyoshika besi. Wimbo wake wa treni aliutunga angali mtoto. Halafu akaolewa, akaingia kanisani, akaambiwa gitaa la kidunia si zuri, akaliacha kwa miaka mingi.

Akiwa mtu mzima anauza dukani, akamwokota mtoto aliyepotea dukani humo, akamrudisha kwa mama yake. Familia hiyo ni ya Seeger, watu wa muziki. Wakamwajiri kazi za ndani. Siku moja wakamkuta kachukua gitaa lao ukutani, anapiga. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, akiwa bibi. Tuzo ya Grammy alipewa akiwa na miaka zaidi ya 90.

Cha kusikiliza: utulivu. Besi inapishana pande mbili bila haraka, na wimbo juu yake ni mwembamba, unaweza kuuimba na mtoto. Nina mwanafunzi wa shoto hapa shuleni, aliambiwa gitaa si lake. Nilimwonyesha video ya huyu bibi kwenye simu. Sasa shida ni kumtoa kwenye gitaa.

Wa pili kwa ufupi, Sister Rosetta Tharpe, 1915 hadi 1973. Mwimbaji wa injili aliyebeba gitaa la umeme kabla vijana wa rock hawajavuka ujana. Tafuteni ile ya Manchester ya mwaka 1964, kasimama kwenye kituo cha treni kisichotumika, kavaa koti, watazamaji wamekaa ng'ambo ya reli. Solo yake haina maringo ila ina ubishi ndani yake. Mzee wa Dansi, huyu nakuhakikishia sahani itaachwa.

Ridhimu wa Shangani

Mwalimu, karibu sana na viatu vyako. Hiyo ya gumba kupiga wimbo nimeijaribu sasa hivi hapa kibarazani. Vidole vimegoma kabisa.

Umenikumbusha wa kwetu aliyetumia vidole viwili tu. Mwenda Jean Bosco, wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi kule Jadotville, siku hizi Likasi. "Masanga" yake ilizunguka Afrika nzima. Gumba na kidole cha shahada, basi. Gumba linakwenda na besi yake ya kujitegemea, shahada inachomeka wimbo katikati ya mapigo, si juu yake. Na anaimba Kiswahili chetu hiki hiki, kile cha Katanga. Alifariki kwa ajali mwaka 1990. Kenya wakawa na wao, George Mukabi wa Uluhya, aliyefariki 1963, na mtindo wa omutibo: gitaa kavu moja, pembeni mtu anakwaruza chupa ya Fanta. Chupa! Msikilizeni huyu saa za asubuhi kabla hamjaenda kazini.

Mwana wa Uwanda

Naandika toka Newala, mtandao unasuasua.

Mwalimu, huyo mwanafunzi wako wa shoto mwonyeshe na Mdou Moctar wa Niger. Naye ni wa shoto, Mtuareg. Kwao gitaa lilikuwa haramu machoni mwa wazazi, basi akajitengenezea la mbao, nyuzi akatoa kwenye nyaya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilisambaa kwa kadi za memori za simu, mtu anamrushia mtu, kutoka nchi hadi nchi. Sawa na vibanda vyetu vya kujaza nyimbo pale stendi. Sasa anapiga umeme, sauti chafu, kasi ya ajabu. Ila sikilizeni chini ya kelele: pigo ni la ngoma za harusi za kwao.

Nyaya za breki ndizo zilizonifanya niandike. Huku uwandani nimekua nikiona vijana wanafanya hivyo hivyo. Unatafuta waya wa breki uliokufa, unaufumua, maana ndani ni nyaya nyembamba nyingi zimesokotwa. Unachukua mmoja mmoja kwa sauti za juu, miwili mitatu unaiacha imesokotana kwa besi. Kopo la lita tano ndilo tumbo, mti mwepesi ndio shingo, vigingi vya kukazia unachonga kwa kisu. Linalia kwa ukali wa banjo. Ukilipiga muda mrefu bila kidole kuwa sugu, damu inatoka. Wengi walioanza hivyo sasa ni madereva wa bodaboda, gitaa la dukani hawakuwahi kulishika.

Ukishuka kusini utakuta ndugu zetu walifanya kazi kubwa na vitu hivyo. Msumbiji, Dilon Djindji wa marrabenta, muziki wao wa dansi, naye alianza na gitaa la kopo la mafuta, akaishi mpaka 2024 akiwa amevuka miaka 90. Malawi, Daniel Kachamba, aliyefariki 1987, na mdogo wake Donald wa filimbi. Huyo Daniel ndiye napenda mumsikilize zaidi. Gitaa kavu lenye kwela ndani, ule muziki wa filimbi wa kusini, anateleza, anabadili, anatania.

Na wa mwisho, yule anayenigusa mimi Mmakonde niliyekua nikisikia malimba: Jonah Sithole wa Zimbabwe, alipiga na Thomas Mapfumo, akafariki 1997. Alichukua mbira, malimba ya kwao, akaihamishia kwenye gitaa la umeme. Mkono wa kulia unalalia nyuzi karibu na daraja la gitaa, kiganja kinaziba mlio usitambae, kwa hiyo kila sauti inatoka kavu na fupi, tok-tok-tok, kama ulimi wa chuma unaochomolewa na gumba. Halafu anapanga mistari miwili inayofukuzana ndani ya gitaa moja. Babu angekuwepo, angeuliza hayo malimba yamefichwa wapi.

Mchuuzi wa Memori

Mwana wa Uwanda, hicho kibanda cha stendi ni mimi hapa 😂. Nathibitisha: wateja wangu wanaomba singeli, kaswida, na "zile za zamani". Ukiuliza za zamani zipi wanasema "wewe weka tu".

Nitatengeneza folda ya uzi huu. Wekeni majina kwa herufi sahihi, huyo wa Togo nimemtafuta kwa "Atiso" nikaletewa duka la matairi.

Baharia wa Mikindani

Mchuuzi, ongeza wawili kwenye folda.

D'Gary wa Madagaska, ng'ambo ya mlango huu huu wa bahari wa Msumbiji. Anatoka kusini, kwa Wabara. Hafungi gitaa kwa sauti za kawaida, analegeza na kukaza nyuzi apate mpangilio wake, kisha anapiga gitaa liwe marovany, ile ala yao ya sanduku lenye nyuzi pande mbili. Sauti zinamwagika kwa pembe zisizotarajiwa. Usijaribu kucheza, kaa chini.

Na Lynn Taitt. Mtrinidadi aliyefika Jamaika mwaka 1962 wakati wa sherehe za uhuru, akabaki. Mwaka 1966 ska ilipopunguzwa mwendo ikawa rocksteady, gitaa lake lilikuwepo kwenye mabadiliko hayo. Sikilizeni anavyotembea sambamba na besi, sauti ileile juu zaidi, anaizuia kwa kiganja. Reggae yote mnayopiga baa za ufukweni inamdai huyu.

Katekista

Mimi nilisoma kwa mapadri, nikafundishwa gitaa la klasiki na mmisionari mwenye hasira. Humo ndani hakuna aliyegusa upande huo, kwa hiyo naweka mmoja tu.

Agustín Barrios wa Paragwai, 1885 hadi 1944. Wakati wenzake wa klasiki wanatumia nyuzi za utumbo wa wanyama, yeye alikuwa na za chuma, wakubwa wa Ulaya wakamwona mshamba. Kuna miaka alikuwa anapanda jukwaani kavaa manyoya ya wenyeji wa asili wa kwao, Waguarani, anajiita Nitsuga, yaani Agustín kusoma kutoka nyuma. Lakini chini ya manyoya kulikuwa na mtunzi hodari kweli. Dunia ilimzingatia miaka mingi baada ya kufa, hasa John Williams aliporekodi kazi zake mwaka 1977. Anzeni na "La Catedral". Sehemu ya mwisho ile ya mbio, sikilizeni wimbo umefichwa wapi kati ya sauti zote hizo. Mmisionari alinichapa kwa rula kwa sababu ya sehemu hiyo.

Mzee wa Dansi

Nimerudi. Mjukuu kanisaidia kutafuta.

Attisso: mpiga gitaa. Nakubali. Anajua kusubiri.

Huyo mama wa koti: mpiga gitaa. Tena sana.

Fundi mwashi: nimecheka, lakini sijui kama ni muziki au ni ugonjwa. Nitarudia.

Hanzuruni nilimwona kwa macho yangu, sikuhitaji kuambiwa na mtu wa Kivinje. Ila umesema kweli kwamba hatajwi, na hilo ni kosa letu wazee, tulikuwa tunaongea sisi kwa sisi.

Na mmemsahau Ndala Kasheba! Mkongo aliyekuja kwetu, Fauvette, kisha Safari Sound, na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Kila sauti anayoigusa inatoka mbili kwa pamoja, inang'aa. Kafariki 2004. Mtu wa nyuzi kumi na mbili katikati ya jiji la nyuzi sita, na ninyi mnazunguka Bahamas.

Saa ya ukutani bado ni saa ya ukutani.

Ridhimu wa Shangani

Mzee nimekukubali kwa Kasheba, ilinipita. Sikilizeni anapopiga taratibu, siyo kwenye chemko. Zile nyuzi pacha zinaacha mwangwi mdogo unaojaza chumba, kwa hiyo hahitaji kupiga sauti nyingi. Ungekuwa na nyuzi sita ungelazimika kufanya kazi mara mbili.

Saa ya ukutani tutaongea ukija Mtwara, nitakualika kwenye mazoezi. Tutaitoa betri katikati ya wimbo tuone.

Mgeni wa Ligula

Wakuu samahani kutoka nje ya mada kidogo. Uzi umenipandisha mzuka, nina gitaa kavu nimerithi kwa mjomba, zile galatoni (chapa ya Gallotone) za zamani. Nyuzi zimeshika kutu zote. Hapa mjini napata wapi, na niweke zipi?

Ridhimu wa Shangani

Mkuu, hongera kwa urithi. Usiweke nyuzi nene ovyo kwenye gitaa kuukuu, shingo itapinda. Omba za gitaa kavu, nyembamba, zile nyepesi kabisa, na kabla ya kukaza mpelekee fundi seremala aangalie kama daraja halijaachana na ubao. Hapa mjini ni bahati nasibu, mimi naagiza Kariakoo zinakuja na basi. Nunua seti mbili, maana huku chumvi ya bahari inakula waya. Kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya nyuzi, kisha lirudishe kwenye mfuko. Usilitundike ukutani dirisha likiwa wazi.

Ukishafunga nyuzi, anza na Bosco taratibu mno. Gumba peke yake kwanza, mpaka liende huku unaongea na mtu. Ndipo uongeze shahada.

Mwl. Nachingwea

Mgeni, ukikwama tafuta mtoto wa shoto akufundishe.

Mchuuzi wa Memori

Folda iko tayari, nimeiita GITAA ZISIZOTAJWA. Jana mteja kaomba "za zamani, weka tu", nikamwekea Sithole na Spence katikati ya Sikinde. Leo asubuhi karudi. Nikajua amekuja kudai hela yake.

Anauliza huyo anayekoroma ana nyimbo nyingine?

Mwana Kivinje

Wapiga besi je? Mbona hakuna aliyewagusa?

Ridhimu wa Shangani

Fungua uzi wako, mkuu. Mzee wa Dansi anakusubiri huko.